Hamburg ni mji wa maji kujaa na kupwa

Dada Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na shemeji na watoto salamu nyingi. Maadamu viza zimetoka na Septemba haiko mbali, naandika mapema ili mpange siku zenu za Hamburg mkiwa bado nyumbani.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba Hamburg haiko pwani. Iko kwenye mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, na bado maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama pale Malindi bandarini Unguja, kwa tofauti ya zaidi ya mita 3.5. Mgeni asiyelijua hili hupoteza pesa. Speicherstadt, mtaa wa maghala ambao kila mtu huja kuuona, umekatwa na mifereji. Boti ndogo za kutembeza watu huingia humo maji yakiwa ya wastani tu: yakipwa sana zinagusa tope, yakijaa sana hazipiti chini ya madaraja. Wauza tiketi hawatakwambia hivyo. Watakuzungusha bandarini kuangalia meli za makontena, na nauli ni ile ile. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kutoa pesa kama boti itaingia kwenye mifereji. Pia angalieni vile vidaraja vya kushukia gatini pale Landungsbrücken. Gati lenyewe linaelea, hupanda na kushuka na maji. Kidaraja kikiwa mteremko mkali, maji yamepwa, basi rudini baada ya saa mbili tatu.

Hata hivyo boti hiyo si lazima. Kuna feri namba 62, ya usafiri wa kawaida wa mji, inayotoka Landungsbrücken mpaka Finkenwerder kwa karibu nusu saa, na tiketi yake ni ile ile ya treni na basi. Kaeni juu kama hakuna mvua, na Mama avae koti hata jua likiwaka, maana upepo wa mtoni hapa haujali jua. Wakati wa kurudi shukeni Neumühlen. Hapo kuna jahazi na meli kongwe zilizofungwa gatini, na ufuko wa mchanga wenye jiwe moja la tani 217 lililotolewa chini ya mto mwaka 1999. Watoto watataka kulipanda.

Kuhusu tiketi: nunueni ile ya kikundi ya siku nzima, inayobeba watu hadi 5, na nyinyi ni watano kamili. Siku za kazi huanza kufanya kazi saa 3 asubuhi, Jumamosi na Jumapili tangu alfajiri. Tiketi ya mashine hapa haigongwi muhuri kama Berlin. Ikishatoka imeanza kuhesabiwa, basi msiinunue jana yake. Stesheni hazina vizuizi, mtu anatembea moja kwa moja hadi kwenye behewa akidhani ni bure. Si bure. Wakaguzi huibuka ghafla, na asiye na tiketi hulipa euro 60.

Siku ya kwanza ningeanza na treni ya U3 kutoka Rathaus kwenda Landungsbrücken. Kaeni upande wa kushoto. Treni inatoka ardhini, inapanda kwenye nguzo za chuma, na bandari yote inafunguka dirishani. Mkifika, Tunneli Kongwe ya Elbe iko hatua chache tu. Ilifunguliwa mwaka 1911, ina urefu wa mita 426 na iko mita 24 chini ya mto. Anayekwenda kwa miguu halipi kitu. Mama asishuke ngazi, lifti ipo pande zote mbili. Ndani kuna baridi. Ukutani tafuteni vigae vyenye samaki, kaa na hata viatu vikuukuu, yaani vile vilivyokuwa vikiishi na kutupwa mtoni. Mkitokea ng'ambo ndipo mtakapouona mji mzima ukiwatazama. Picha ya familia ipigwe hapo.

Sasa Speicherstadt. Hapo msiharakishe. Ujenzi ulianza 1883, baada ya watu kama 20,000 kuhamishwa makwao, na majengo yote ya matofali mekundu yamesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope. Kila ghala lina mlango barabarani na mlango majini, na juu kabisa chini ya paa kuna winchi iliyokuwa ikivuta magunia kutoka kwenye tishari. Bidhaa zilikaa humo bila kulipiwa ushuru mpaka ziuzwe: kahawa, kakao, chai, mazulia, viungo. Tangu 2015 mtaa huu umo katika Urithi wa Dunia kama Mji Mkongwe wetu. Ndani yake kuna makumbusho ya viungo, na Mama ataijua karafuu kwa harufu kabla hajaiona. Watoto wao wapelekeni Miniatur Wunderland, nchi nzima ndogo ya treni za kuchezea. Wekeni nafasi kwenye tovuti siku kadhaa kabla, la sivyo mtasimama foleni mpaka wachoke.

Mwisho wa maghala ndiyo Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki uliofunguliwa Januari 2017 juu ya ghala la zamani la kakao na tumbaku. Tamasha si lazima. Ombeni tiketi ya Plaza, ile baraza ya wazi iliyo mita 37 juu. Ngazi ya umeme ya kupandia ina urefu wa mita 82 na imepinda, kilele hukioni ukiwa chini. Kama Mama ataiogopa, mwulizeni mlinzi lifti.

Kwa urefu zaidi, nendeni mnara wa St. Nikolai wenye mita 147, ambao kati ya 1874 na 1876 ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Kanisa lake lilibomolewa kwa mabomu Julai 1943, mnara ukabaki peke yake mweusi, nao wameuacha hivyo kwa makusudi. Lifti inafika mita 76. Chini kuna maonyesho ya mashambulizi yale yaliyoua zaidi ya watu 30,000. Watoto wadogo wasiingie.

Jirani na hapo, Große Reichenstraße 27, kuna Afrikahaus. Hakuna kitabu cha kuongoza watalii kinachoipa nafasi ya kutosha. Ilijengwa mwaka 1899 kwa kampuni ya Woermann, mkono mmojawapo nyuma ya meli za Wajerumani zilizokuwa zikifika Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Mlangoni kuna sanamu ya shaba ya shujaa wa Kiafrika, uani tembo wawili. Ni ofisi, kwa hiyo nendeni siku ya kazi.

Jumapili maduka hufungwa, mkate na maziwa vinunuliwe Jumamosi. Badala yake kuna Fischmarkt, soko la samaki la tangu 1703. Septemba huanza saa 11 alfajiri na kufungwa saa 3 na nusu. Kadiri muda unavyokaribia kwisha, ndivyo kapu la matunda linavyoshuka bei. Chukueni mkate wenye samaki wa chumvi. Samaki wa kukaanga muulizie kwanza, maana wengine huchanganya unga wake na bia. Shukeni stesheni ya Landungsbrücken, si Reeperbahn, ambako saa hizo walevi ndio wanatoka.

Siku moja iwe ya Ohlsdorf, makaburi makubwa ya hekta 389, kwa treni S1. Hapo amelala Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni kule Unguja 1844 na kuondoka kisiwani kwa manowari ya Waingereza Agosti 1866. Huku alijulikana kama Emily Ruete. Mumewe Mjerumani aligongwa na tramu mjini hapa mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo. Alifariki Jena 1924. Husimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa Zanzibar. Msijaribu kutembea: chukueni ramani langoni, muulizie kaburi la ukoo wa Ruete, kisha mpande basi 170 au 270 yanayopita ndani.

Na hapo hapo Ohlsdorf treni ya S1 hukatwa vipande viwili: mabehewa matatu ya mbele huenda uwanja wa ndege, ya nyuma Poppenbüttel. Siku ya kurudi mkikaa nyuma, ndege itawaacha.

Mji wa Lübeck uko dakika 45 kwa treni, lakini tiketi ya Hamburg haifiki huko, nunueni tiketi ya jimbo iitwayo Schleswig-Holstein-Ticket. Lango la Holstentor, la 1478, limezama na kuinama kwa sababu ya ardhi ya tope. Marzipan ya kule ni lozi na sukari. Zilizojazwa ndani muulizie pombe.

Nitumie tarehe kamili za kufika. Nikizipata nitawaletea jedwali la maji la wiki hiyo, tuchague siku ya Speicherstadt.

Mdogo wako,
Haji