Jackie Chan ni zaidi ya pesa zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie Jackie Chan, maana siku hizi kila nikikuta habari zake kwenye kurasa za burudani ni pesa tu, utajiri wake uko kiasi gani, urithi atamwachia nani, au ule uzushi kwamba kafariki ambao umeshazunguka mitandaoni sijui mara ngapi. Kazi yenyewe iliyofanya dunia nzima ikamjua haiandikwi. Mi namfuatilia tangu enzi za kanda za VHS na kwa kweli inaniuma nikiona vijana wanamjua kama mzee wa kuchekesha tu.

Huyu mtu alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954, jina lake Chan Kong-sang, na wazazi wake walikuwa wamekimbia vita ya wenyewe kwa wenyewe China, wakawa wanafanya kazi nyumbani kwa balozi mdogo wa Ufaransa, baba mpishi mama kazi za ndani. Baadaye baba akapata kazi ya upishi ubalozi wa Marekani kule Canberra, Australia, na mtoto akiwa na miaka 7 akaingizwa shule ya bweni ya opera ya Kichina, yaani maigizo ya jukwaani yenye kuimba na sarakasi, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, mkataba miaka 10. Sasa hiyo shule ndo imemtengeneza. Wanaamshwa alfajiri, sarakasi, kuimba, kupigana, kusimama kwa mikono miguu juu mpaka mwili unatetemeka, ukishuka kabla hujaambiwa unakula fimbo. Humo ndo alikua na Sammo Hung na Yuen Biao, wale tunaowaona naye kwenye muvi nyingi za miaka ya 80, kwa hiyo ukiona wanavyopigana bila kugongana ovyo ujue wale wamelala bweni moja tangu utotoni.

Wakati anamaliza shule opera yenyewe ilikuwa imekosa watazamaji, watu wote wamehamia kwenye sinema, ikabidi hao vijana waende kwenye makampuni ya filamu kutafuta kibarua cha kuanguka badala ya waigizaji. Naomba wasomaji wako waiangalie tena Fist of Fury ya 1972, pale mwishoni Bruce Lee anapompiga teke yule adui wa Kijapani anapaa mpaka nje, anayepaa pale ni Jackie Chan, sura yake huioni. Enter the Dragon ya 1973 kuna kijana anashikwa nywele na Bruce Lee anavunjwa shingo, ni yeye tena. Bruce Lee alipofariki Julai 1973 maprodyuza wakaanza kutafuta Bruce Lee mwingine, mwongozaji Lo Wei akamchukua Jackie akamlazimisha anune na apige kama marehemu, muvi hazikuuza. Katikati ya hapo hali ilikuwa ngumu mpaka akaenda kwa wazazi wake Canberra kufanya kazi ya ujenzi, na inasemekana hilo jina la Jackie limeanzia huko saiti.

1978 ndo mambo yakafunguka, akaazimwa na kampuni nyingine akafanya Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master chini ya mwongozaji Yuen Woo-ping, na humo akaruhusiwa kuwa yeye, steringi anayepigwa, anayelia akiumia, anayejipuliza mkono baada ya kurusha ngumi. Sisi tulizoea steringi hapigwi. Huyu anakula kipigo muvi nusu nzima halafu anashinda kwa akili na ngazi au kiti au chochote kilichopo karibu, na mi naamini hii ndo sababu watu wa kipato cha chini walimpenda kuanzia Hong Kong mpaka huku kwetu kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi.

Marekani walimchukua mapema lakini hawakumwelewa. The Protector ya 1985 mwongozaji alikataa kumwachia apange mapigano anavyojua yeye, akarudi Hong Kong na hasira zake akatengeneza Police Story mwaka huohuo. Mwisho wa ile muvi yuko ghorofani ndani ya jengo la maduka, anaruka anadaka nguzo iliyozungushiwa taa, anashuka nayo mpaka chini huku taa zinapasuka cheche zinaruka, anatua kwa kuvunja paa la vioo. Viganja viliungua, mgongo na nyonga viliumia. Hilo tukio limerudiwa mara tatu mfululizo kutoka kamera tofauti, kibandani kwetu watu walidhani kanda imekwama wakaanza kumzomea mwenye deki.

Mwaka uliofuata akiwa Yugoslavia wakirekodi muvi ya Armour of God aliruka kudaka tawi la mti, mara ya kwanza alifanikiwa lakini hakuridhika akaomba arudie, akaanguka kichwa kikagonga jiwe, fuvu likapasuka, damu ikatoka sikioni, akafanyiwa upasuaji na mpaka leo sikio la kulia halisikii vizuri. Na kwenye Rumble in the Bronx alivunjika kifundo cha mguu, wakamvalisha juu ya plasta soksi iliyochorwa ifanane na kiatu akaendelea na kazi! Halafu hizo ajali alikuwa anatuonyesha mwishoni majina yanapopita. Muvi nyingine zikiisha watu walikuwa wananyanyuka wanagombania mlango, ya Jackie Chan hakuna aliyetoka, wote tunasubiri tuone alivyoanguka na waliomkimbilia kumuinua.

Hao waliokuwa wanamkimbilia ndo hasa wamenifanya niandike. Alikuwa na timu yake ya wacheza stanti, yaani wale wanaofanya matukio ya hatari kwenye muvi, na kwa kuwa makampuni ya bima hayakutaka kuwagusa, gharama za hospitali alikuwa anazibeba mwenyewe. Simtetei kwa kila kitu, kwenye kitabu chake kakiri kwamba hakuwa baba mzuri na misimamo yake ya kisiasa imewaudhi wengi hukohuko Hong Kong. Ila kwa vijana wake wa kazi alisimama. Alipopewa Oscar ya heshima mwaka 2016 akiwa na muvi zaidi ya 200 alitaja mifupa aliyovunja, na miaka yote hiyo Oscar haikuwa na tuzo ya stanti, Aprili 2025 ndo wametangaza itakuwepo, itaanza kutolewa 2028 kwa muvi za 2027. Karibu miaka 100 watu wanaanguka na kuungua bila tuzo.

Sasa Mhariri, hata huku kwetu kuna vijana wanaruka sarakasi ufukweni na kwenye viwanja vya shule, wanaitwa kwenye muvi na video za muziki, wanaruka kutoka juu ya ukuta wanatua kwenye maboksi na mchanga, wanapewa hela ya siku na jina halitokei popote. Akiteguka bega anarudi kwao na daladala. Ombi langu ni kwamba gazeti lako litenge hata robo ukurasa kila wiki kwa ajili ya watu hawa, muwahoji, muweke picha zao na majina, na mkiwa mnamhoji prodyuza kuhusu muvi mpya mumuulize chini aliweka godoro au hakuweka, na yule kijana akivunjika nani analipa.

Ni mimi msomaji wako,
Dar es Salaam