Kutafsiri hesabu si kutafsiri maneno tu

Ndugu Mhariri,

Katika mabishano yetu kuhusu kufundisha sayansi kwa Kiswahili, hoja hairudi ila kwenye istilahi. Naomba nafasi nieleze walichofanya Harvard, Marekani, walipokuwa wao ndio wanaotafsiri.

John Farrar alikabidhiwa kiti cha uprofesa wa hisabati na fizikia chuoni hapo mwaka 1807. Kitabu alichokikuta kilikuwa cha mtangulizi wake, Samuel Webber, cha mwaka 1801: juzuu mbili zilizobeba kila kitu, pamoja na upimaji ardhi na ubaharia. Hisabati mpya ilikuwa kwa Wafaransa. Farrar akatafsiri aljebra ya Lacroix (1818), jiometri ya Legendre (1819) na kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, ya Bézout (1824). Mwaka 1826 kikafuata cha umeme na sumaku, ambacho sehemu kubwa alikichota kwa Biot. Somo hilo lilikuwa bado bichi: Mdenmark Ørsted alikuwa ametangaza mwaka 1820 tu kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira.

Lakini mageuzi makubwa yalikuwa kwenye alama. Waingereza walimfuata Newton na nukta zake; Wafaransa walimfuata Mjerumani Leibniz. Chukua y = x². Kwa Newton, y yenye nukta juu ni sawa na 2x mara x yenye nukta, na nukta maana yake ni kasi ya kubadilika kwa muda. Sasa uliza kanieneo ya hewa inapungua vipi kadiri unavyopanda mlima. Muda haumo humo, na nukta haisemi unalinganisha na nini. Kwa Leibniz unaandika dp/dz, p ikiwa kanieneo na z kimo, na herufi ya chini inajibu: kwa kila mita ya kimo. Hata vipimo unavikagua kwa jicho. Isitoshe, kwa nukta, doa moja la wino la mpiga chapa huonekana kama nukta ya pili, likageuza kasi kuwa mchapuko, yaani kubadilika kwa kasi yenyewe.

Bézout mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1783, kwa hiyo kitabu hicho "kipya" kilikuwa cha zamani. Farrar hakukosea. Kalkulasi ya Lacroix ilikuwa imeshatafsiriwa Uingereza mwaka 1816, ila ni nzito. Bézout aliwaandikia vijana wa jeshi la majini na wa mizinga, akaenda nao polepole. Anayeanza hapewi kitabu kwa sababu ni cha juzi.

Kitabu kizuri nacho hakitoshi namna ya kufundisha ikibadilishwa ghafla. Chuoni Yale wanafunzi walizoea kueleza mikato ya koni (maumbo kama elipsi, yapatikanayo koni ikikatwa) huku macho yako kwenye michoro ya kitabu. Mwaka 1830 walitakiwa wachore wenyewe ubaoni. Wakagoma, na 43 wakafukuzwa. Naiona adhabu hiyo kali mno: kuichora elipsi kwa chaki, na vitovu vyake viwili mahali pake, ni ujuzi wa mkono, na mkono hufundishwa kabla ya kupimwa.

Basi wanaoandaa vitabu vyetu waamue mapema, kabla ya kupiga chapa: kasi ibaki v au iwe k? Mimi nasema v = u + at (kasi ya mwisho ni kasi ya mwanzo kuongeza mchapuko mara muda) ibaki ilivyo, maana kijana ataikuta hivyo katika kila jedwali aendako. Maneno ya pembeni mwa mchoro ndiyo yawe ya Kiswahili, yote, si nusu kwa nusu.

Mwalimu wa hisabati,
Morogoro