Presha ya mashine ya usingizi sio presha ya damu

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niongelee apnia, yaani pumzi kukatika ukiwa usingizini, na mashine yake. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina hapa Arusha, nina miaka 51 na nakoroma. Nakoroma sio mchezo, kambini wenzangu walikuwa wananipigia hema langu kule upande wa jenereta eti kelele zikae pamoja. Nikawa nacheka nao tu, mpaka siku nikasinzia kwenye usukani kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, saa nne asubuhi, na usiku wake nililala vizuri tu, wageni wanne wako nyuma, tairi la kushoto likashuka kwenye changarawe ndo nikashtuka. Nilivyorudi nikamwambia mama watoto, akasema sasa mie si nakwambia kila siku, unakoroma weee alafu unanyamaza kimya mpaka nakupiga kiwiko ndo unavuta pumzi kama mtu katoka kuzama. Mama yangu yeye alishasema zamani ni jinamizi.

Bas nikaenda kupima. Wakanipa kifaa nikalale nacho nyumbani, mkanda kifuani, kamrija puani, kidole kimebanwa na kile kidude chenye taa nyekundu. Baada ya wiki nikapewa karatasi mbili za kiingereza na maneno matano: una apnia kali, tafuta mashine. Jina la hospitali silitaji. Karatasi ikakaa juu ya kabati miezi sita maana sikuelewa kali ni kali kiasi gani, na mashine yenyewe ni ya nini.

Aliyekuja kunifungua macho ni daktari mwingine kabisa, kijana tu, akageuza karatasi nyuma akapiga hesabu kwa peni. Apnia ni pale hewa inapokata karibu yote kwa sekunde 10 au zaidi. Kuna mdogo wake anaitwa hipopnia, hapo hewa haikati ila inapungua sana, oksijeni inashuka au ubongo unashtuka. Unajumlisha zote za usiku mzima unagawanya kwa masaa, jibu ndo wanaita AHI. Mimi zilikuwa 266, kifaa kilirekodi masaa 7, gawanya unapata 38. Chini ya 5 ni kawaida, 5 mpaka 15 ni ndogo, 15 mpaka 30 ya katikati, ukivuka 30 ndo kali. Mara 38 kila saa! Yaani hakuna dakika mbili zinapita bila mimi kukabwa, alafu asubuhi nashangaa kwanini nasinzia.

Akaniuliza, ulilala masaa yote 7 kweli? Nikamwambia wapi, ile mikanda ilinikera, kama masaa mawili nilikuwa nageukageuka tu. Akasema unaona sasa, kifaa cha nyumbani kinahesabu muda kilioachwa kimewaka, hakijui kama umelala au uko macho, kwaiyo ukigawanya kwa 5 unapata 53. Hilo peke yake lingetosha kukaa kwenye karatasi kwa kiswahili. Pia akanionyesha oksijeni ya damu ilishuka mpaka asilimia 74, na kwamba karibu zote ni za koo kujifunga, sio zile ambazo ubongo wenyewe unasahau kutuma amri ya kupumua, maana hizo za ubongo zinatibiwa tofauti.

Sasa tuje kwenye mashine, ndo sababu hasa ya barua hii. Mgeni mmoja mama wa Marekani niliyempeleka Serengeti alinisikia usiku (nani hakunisikia) na akanitumia CPAP, ndo hiyo mashine ya kusukuma hewa kwa maski, ya marehemu mume wake. Mungu ambariki. Nikaivaa nikabonyeza, ikaandika 14. Usiku wa kwanza upepo unatoka pembeni ya maski unanipuliza machoni, asubuhi tumbo limejaa hewa kama ngoma, nabeua mpaka mchana. Nikavumilia siku nne. Kwenye familia habari ikasambaa kwamba presha yangu ni 14 na nalalia oksijeni. Mama akapiga simu kutoka Moshi analia, mjomba akauliza kama nimeandika wosia.

Hapa ndo neno letu presha linatuponza. Presha ya mashine sio ya damu, na mashine haina oksijeni ya ziada, ni hewa hiihii ya chumbani inasukumwa na feni ili koo lisijifunge. Ukubwa wa msukumo unapimwa kwa sentimita za maji. Yule daktari alinielewesha kwa chupa ya maji na mrija wa soda, akasema tumbukiza mrija kina cha sentimita 10 upulize mpaka mapovu yatoke, nguvu hiyo uliyotumia ndo 10. Mashine nyingi zinaanzia 4 kuishia 20. Kumbe ni kitu kidogo hivyo, mtoto anapuliza.

Na hiyo namba haitokani na AHI. Mimi nilidhani nina 38 kwaiyo nahitaji presha kubwa, akasema hapana, mwenye 70 anaweza kutulia kwenye 8 na mwenye 20 akahitaji 13, inategemea koo lako, uzito, shingo, unalala chali au ubavu. Ile 14 ilikuwa dawa ya marehemu. Ni kama kuvaa miwani ya mtu.

Akaiweka kwenye oto, ijitafutie yenyewe kati ya 6 na 15, kwa wiki mbili, alafu nirudi na kadi yake ya kumbukumbu, ndogo kama ya simu. Niliporudi kompyuta ikaonyesha 9.8 kwa asilimia 95, maana yake asilimia 95 ya muda mashine ilikuwa kwenye 9.8 au chini ya hapo. AHI iliyobaki 2.6. Kutoka 38! Akabana iwe 7 mpaka 12. Nikauliza kwanini isianze 4 mwanzo kabisa, akasema mtu mzima kwenye 4 wengi wanahisi wanakosa hewa, na koo likijifunga mashine inachelewa kupanda. Ukizidisha juu nako ndo yale ya tumbo na kuvuja. Kuna usiku mmoja AHI iliruka ikafika 11, akaniuliza tarehe hiyo ulikuwa wapi, nikacheka mwenyewe, ilikuwa ubatizo Kibosho na mbege haikuisha. Pombe inalegeza koo, kadi haifichi kitu.

Alafu akanipima na presha ya damu, ile yenyewe sasa, ilikuwa juu. Akasema hizi zinatembea pamoja, apnia inaipandisha. Kwaiyo mama hakukosea sana kulia, alikosea presha tu.

Ninachoomba kwa hospitali zetu, Arusha na Moshi, ni nusu karatasi ya kiswahili ibanwe na majibu: umepata ngapi kwa saa, umelala kweli masaa mangapi, oksijeni ilishuka wapi, ni koo au ubongo. Na hawa wanaouza mashine zilizotumika kwenye mitandao waseme wazi kwamba ndani kuna setingi ya mtu mwingine. Rafiki yangu wa Kwa Mrombo kanunua hivyo, akaangalia video akaipandisha mwenyewe mpaka 16, eti yeye anakoroma kuliko mimi. Anaamka kavimba tumbo na mdomo umekauka, anasema mashine mbovu. Nimemwambia Jumanne sina safari, achukue kadi yake twende wote kwa yule kijana.

Dereva,
Sakina, Arusha