Tuache kuwatisha watoto na sindano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini, hili jambo limenikaa moyoni toka wiki mbili zilizopita. Mwanangu wa miaka minne alipata homa usiku, asubuhi nikambeba kwenda zahanati kupima malaria. Yaani alivyoona tu koti jeupe alipiga ukelele mpaka akajikojolea, tukamshika watu watatu kwa tone moja la damu ya kidole. Nesi akaniuliza taratibu, mama, nyumbani huwa mnamwambia nini kuhusu daktari? Nilikosa jibu, kwa sababu akigoma kula akigoma kulala mimi na bibi yake wimbo wetu ni huohuo, ngoja nimwite daktari akuchome sindano. Polisi tumeshamtumia, zimwi pia, na yule mzee anayeokota makopo mtaani ambaye maskini hajamkosea mtu.

Sasa woga watoto wanao tayari hata bila sisi kuwaongezea. Wa miezi minane tisa akibebwa na mgeni analia, wala hajadeka, ndio akili inakua ameshajua mama ni nani na asiye mama ni nani. Ndio maana chanjo ya wiki sita analia kidogo ananyonya imeisha, ila ile ya surua ya miezi 9 na ya pili ya miezi 18 ni vita. Kwenye miaka mitatu mpaka sita inakuja giza na majini, umri huo anachokiwaza na kilichopo kweli hajavitenganisha vizuri, ukimwambia zimwi lipo nje basi kwake lipo kabisa.

Mimi nimekulia Unguja, 1995 ule uvumi wa Popobawa, jini lililosemekana linavamia watu usiku majumbani, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, wanaume wazima na ndevu zao walitandika mikeka nje wakawasha moto wakakesha pamoja, na sikumsikia hata mmoja akiambiwa acha uoga. Mbona mtoto akiogopa kwenda chooni usiku tunamcheka mpaka mbele ya wageni? Na yeye anataka kilekile walichotaka wale, mtu wa kukaa naye.

Tuliporudi zahanati nilimpakata, uso kifuani kwangu, nesi akamwambia ukweli kwamba itauma kama kung'atwa na siafu halafu basi, wakahesabu wote mpaka tano. Alilia, ila hakuna aliyemshika kwa nguvu. Msimwambie haiumi jamani, ikimuuma siku hiyo kesho hakuamini tena. Nyumbani anacheza na bomba tupu lisilo na sindano anamtibu bibi yake. Giza nalo tunakwenda nalo polepole, kwanza mlango wazi na taa ya korido, sasa hivi tochi tu pembeni ya mto.

Ila kama mtoto ameacha kukojoa kitandani zamani akaanza tena, au anamwogopa mtu mmoja tu, hapo msichukulie ni utoto, kaeni naye mumsikilize vizuri, kuna watoto wanaumizwa na watu wa karibu hawajui waseme vipi.

Na manesi wetu, siku za kliniki mkitupa somo la lishe pale kwenye benchi, naomba mtuongezee hata dakika tano za hili.

Mama wa watoto wawili,
Dar es Salaam