Picha ilisema moyo mkubwa, tukaendelea na dawa ya nimonia

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu, tunayeishi naye hapa Kibosho, alipofikisha mwaka alikuwa ameshaandikiwa nimonia mara nne. Safari ni ileile: kumfunga mgongoni, daladala mpaka Moshi mjini, picha ya kifua, sindano, kurudi. Mama yake alishajua kwa mlio wa pumzi tu kwamba kesho tunashuka.

Mara ya nne tulimkuta daktari kijana akaulizia picha za nyuma. Nilikuwa nazo zote kwenye bahasha zake. Akaziinua moja moja dirishani, kisha akasoma karatasi ya picha ya kwanza, akanyamaza kidogo. "Bibi, hii mlielezwa?" Iliandikwa kwa Kiingereza kwamba moyo unaonekana mkubwa na mishipa ya mapafu imejaa. Hatukuelezwa. Wakati ule mtoto alikuwa na miezi mitatu.

Nisiwaonee watu. Moyo wa mtoto mchanga unaweza kuonekana mkubwa pichani kwa sababu picha ilipigwa akitoa pumzi, au kwa kivuli cha tezi ya thaimasi, iliyo kifuani mbele ya moyo, ambayo kwa wachanga ni kubwa. Eksirei inaonyesha umbo, haionyeshi damu inaelekea wapi. Lakini mtoto huyu alikuwa akilowa jasho kichwani kila akinyonya, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala. Kwa mtoto wa namna hiyo, karatasi ile ilitosha kumpeleka kwenye eko.

Eko ni altrasaundi ya moyo, haina mionzi wala sindano. Wala si kitu cha jana: daktari Edler na mwanafizikia Hertz waliianza Lund, Sweden, mwaka 1953. Mjukuu wangu alipakwa jeli kifuani, akalia, akapewa titi, akatulia. Mpimaji akaniita nione. Kila moyo ulipopiga, ulimi mwekundu ulirukia ndani ya mshipa mkubwa uendao mapafuni, kama moto wa kuni unaochungulia mafiga. Nikasema kumbe ile nyekundu ndiyo damu safi. Akacheka. "Hapana bibi, rangi ni mwelekeo tu. Nyekundu inakuja kwenye kipimo, bluu inakwenda mbali."

Kumbe mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu, kwa hiyo kuna kamfereji kanakopitisha damu kutoka mshipa wa mapafu kwenda kwenye aota, mshipa mkubwa utoao damu moyoni kwenda mwilini. Akizaliwa, kwa kawaida kanajifunga ndani ya siku chache. Kake hakakujifunga, na damu ikageuza njia: ya aota, yenye presha kubwa, ikawa inamwagika mapafuni usiku na mchana. Sisi wa migombani tunaujua mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba. Zamu yako ikiisha usipouziba, shamba la jirani linafurika. Nimonia zilikuwa za kweli na dawa zilikuwa sahihi, ila mfongo ulikuwa wazi.

Kuchelewa kuna gharama yake. Mfereji ukiwa mpana na ukaachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, presha yake hupanda mpaka damu inarudi kupita kinyume. Hapo vidole vya miguu huwa vya bluu wakati vya mikono havijabadilika, na kuuziba kunakuwa hatari kuliko kuuacha. Inauma zaidi ukijua kwamba daktari wa upasuaji Robert Gross aliufunga mfereji kama huu Boston mwaka 1938, kwa binti wa miaka saba. Siku hizi mara nyingi kifua hakipasuliwi. Kizibo hupitishwa kwa mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja. Wetu alizibwa hivyo Dar es Salaam, na mstari wa kadi umeanza kupanda.

Ombi langu kwa wanaosoma picha ni dogo: chini ya ile ripoti ya Kiingereza, ongezeni sentensi moja ya Kiswahili kwa mzazi. "Moyo umeonekana mkubwa, apimwe eko." Tungeisoma hata ndani ya daladala.

Na ofisi ya mganga mkuu wa mkoa itujibu kupitia gazeti hili: eko ya watoto hapa Kilimanjaro inapatikana wapi, siku zipi, na kwa shilingi ngapi?

Bibi wa mjukuu mmoja,
Kibosho, Moshi