Barua ya malalamiko: mpangilio wa kuanzia mbio pale mvua inapofuta kufuzu

Kwa: Mkurugenzi wa Mashindano,
Kampuni inayoendesha mfululizo wa mbio za magari ya stoku (yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani) kwenye viwanja vifupi.

Nakala: Msimamizi wa Ukaguzi, Ofisi ya Usajili na Ada.

YAH: KUTUMIA MATOKEO YA MBIO ILIYOPITA KUPANGA MAGARI WAKATI MUDA WA MAZOEZI UPO

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayobishania mbio zenu kila wikiendi, wengine tukiwa huko huko Marekani, wengine tukikesha Afrika Mashariki na simu mkononi. Mkalimani hamtamkosa.

Jumamosi ya juzi, kwenye uwanja wenu wa nusu maili, magari 34 yalijiandikisha kugombea nafasi 28. Kufuzu, yaani kukimbia kwa kupimwa muda ili kupata nafasi ya kuanzia, kulikuwa kwa gari moja moja, mizunguko miwili, unahesabiwa ule bora. Magari 19 yalikuwa yameshapita mvua iliponyesha upande wa kona ya tatu. Baada ya dakika 50 mkatangaza kwamba kufuzu kumefutwa, muda wa yale 19 umetupwa, na mpangilio utatoka kwenye fomula: asilimia 70 ni nafasi ambayo gari lilimaliza katika mbio iliyotangulia, asilimia 30 ni msimamo wa pointi za wamiliki, zile ambazo gari linamkusanyia mwenye timu msimu mzima. Gari lililokuwa la tatu kwa kasi likapandishwa kwenye trela na kurudishwa nyumbani, kwa kuwa halikuwepo mbio iliyotangulia na kwa hiyo fomula haikuwa na kitu cha kulihesabia. Gari mliloliweka mbele ya wote lilikuwa la 11 kwenye mazoezi ya asubuhi.

Mvua yenyewe hatuilalamikii, wala uamuzi wa kusimamisha. Magari haya yanakimbia na matairi kipara, hayana mfereji hata mmoja wa kutolea maji, na lami ya zamani kama ile ina nyufa zinazoendelea kuchuruzisha maji chini ya mwinamo hata baada ya mashine za jeti za kukaushia lami kupita mara tatu. Juu panaonekana pakavu, chini kuna mstari mweusi wa maji unaovuka njia ya magari, na dereva anaugundua akiwa ameshageuza usukani. Tunajua pia kwamba siku hizi kuna matairi ya mvua ya viwanja vya duara. NASCAR, waandaaji wakubwa wa mbio za aina hii huko Marekani, walianza mbio ya Richmond nayo tarehe 31 Machi 2024 lami ikiwa bado na unyevu. Lakini seti moja zaidi ya matairi kwa timu inayokuja na mafundi watatu wa kujitolea ni mzigo mwingine, na hatuwaombi muwabebeshe.

Kutupa ule muda wa magari 19 nako tunakuelewa. Magari 15 hayakupata nafasi, na huwezi kumpanga mtu kwa muda ambao hakuruhusiwa kuutafuta. Sasa, mkishautupa, kwa nini mruke mazoezi? Asubuhi ile magari yote 34 yalikimbia kwenye lami hiyo hiyo, kila moja likiwa na transponda (kifaa cha kurekodi muda), na muda wake mlikuwa nao kwenye kompyuta zenu hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Mkauacha, mkaenda kuchukua matokeo ya wiki mbili nyuma, ya uwanja mwingine wenye urefu mwingine.

Hesabu ya fomula yenu inaenda hivi, namba ndogo ikianza mbele. Chukueni gari la timu iliyo ya 6 kwenye pointi za wamiliki. Mbio iliyopita liligongwa na gari lililoteleza mbele yake, likamaliza la 28. Asilimia 70 ya 28 ni 19.6, asilimia 30 ya 6 ni 1.8, jumla 21.4. Chukueni lingine, la 29 kwenye pointi, ambalo siku hiyo lilinusurika kwenye ajali zote likamaliza la 8: 5.6 na 8.7, jumla 14.3. Gari la pili limelipita la kwanza kwa alama 7.1, na kasi haijaulizwa mahali popote. Aliyegongwa alishapoteza pointi siku ile, akalipia bodi na sehemu ya mbele ya chasi, na sasa anaanzia nyuma kwa ajali ile ile.

Fomula hii hamkuibuni nyinyi, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, NASCAR waliendesha mbio nyingi bila mazoezi wala kufuzu. Walianza kwa kura: magari 12 ya juu kwenye pointi za wamiliki yanagombea nafasi 12 za mbele, 12 yanayofuata zinazofuata, na kuendelea hivyo. Ndivyo dereva Brad Keselowski alivyoanza mbele kwenye uwanja wa Darlington tarehe 17 Mei 2020. Agosti mwaka ule wakaja na fomula: asilimia 50 matokeo ya mbio iliyotangulia, nusu yake ya dereva na nusu ya mmiliki, asilimia 35 pointi za wamiliki, na asilimia 15 mzunguko wa kasi zaidi katika mbio iliyotangulia. Ilikuwa dawa ya wikiendi isiyo na mazoezi. Baadaye kipengele cha mzunguko wa kasi kikaondolewa, ikabaki 70 kwa 30, nanyi mkainakili ilivyo na kuibandika kwenye wikiendi ambayo mazoezi yapo.

Hicho kipengele kilichoondolewa kilikuwa na kazi. Rudieni magari yale mawili kwa fomula ya 2020. La kwanza tuseme mzunguko wake wa kasi ulikuwa wa nne kabla ya kugongwa: 14, 2.1 na 0.6, jumla 16.7. La pili mzunguko wake uwe wa 27: 4, 10.15 na 4.05, jumla 18.2. Sasa la kwanza ndilo linaloanza mbele, kwa alama 1.5. Yaani mlipokata kasi mlibakisha bahati.

Pengine ofisini kwenu mtasema mbio ni ndefu, mwenye gari zuri atapita tu. Kwenye nusu maili si rahisi hivyo. Uwanja una mita 805. Magari 28 yakishajipanga mstari mmoja, kila moja likichukua kama mita 12 pamoja na nafasi iliyo mbele yake, mstari unafika mita 336. Wa mwisho hajakosea lolote, na tayari yuko karibu nusu ya duara nyuma. Kwa mzunguko wa sekunde 16 hiyo ni kama sekunde 6 hadi 7. Akikwama nyuma ya gari la polepole linalompotezea sehemu tatu za kumi za sekunde kila mzunguko, kinara anabaki na kama sekunde 9 tu za kumkuta akitokea upande wa pili, na kazi hiyo inaisha ndani ya mizunguko 30 hivi. Gari la kasi lililoanzia nyuma linaweza kuachwa mzunguko mzima kabla tahadhari ya kwanza (bendera ya njano ya kupunguza mwendo) haijatoka, halafu likamaliza jioni likitafuta kuurudisha.

Kuna na suala la piti, mahali magari yanaposimama kuhudumiwa katikati ya mbio. Kwenu aliyefuzu wa kwanza ndiye anayechagua kibanda cha kwanza, na karibu kila mara anachukua cha mwisho kabisa kwenye njia ya kutokea, kwa sababu mbele yake hakuna gari la kukwepa. Wanaofuata wanachagua vibanda vyenye nafasi wazi mbele au nyuma, au vile vilivyokaa vizuri kwenye mistari ya kupimia mwendo, ili dereva aongeze kasi kidogo kabla au baada ya kusimama bila kuzidisha wastani unaoruhusiwa wa kipande hicho. Kwa fomula yenu hata vibanda vinagawiwa kwa ajali ya wiki mbili zilizopita. Wa 28 anabakiziwa kibanda kilichobanwa kati ya magari mawili, na kila akiingia anakata usukani mara mbili.

Tunajua hoja zinazotolewa dhidi ya muda wa mazoezi, na si za kupuuza. Ya kwanza ni kwamba mazoezini kila mtu ana lake. Mmoja amefunga gari kwa ajili ya mbio, tangi limejaa, anapima matairi yanavyochakaa. Mwingine ameziba grili, tundu la hewa la mbele, kwa tepu ili gari likate upepo, ana mafuta kidogo na matairi mapya, anatafuta mzunguko mmoja kabla joto la maji halijapanda likamlazimisha kurudi. Kuwalinganisha hao ni uonevu pia. Dawa yake ni kutangaza mapema: dakika 20 za kwanza za mazoezi ndizo zitakazohesabika mvua ikifuta kufuzu, mzunguko mmoja bora wa kila gari. Kila timu itajua saa ngapi ya kuziba grili na saa ngapi ya kuifungua.

Watu watasema timu ndogo itachoma seti ya matairi bure asubuhi. Haitachoma bure. Mvua ikifuta kufuzu, ile seti iliyotengwa kwa kufuzu inabaki haijaguswa, na mnairuhusu timu kuanzia nayo mbio. Mvua isiponyesha, mnaruhusu seti iliyotumika kwenye dakika zile 20 irudi kwenye kufuzu. Itakuwa imepoteza kidogo baada ya kupata joto mara moja, lakini itapoteza kwa wote walioitumia.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mnaendesha mazoezi kwa makundi mawili, na lami ya saa nne asubuhi si lami ya saa tano na nusu. Kundi la kwanza linakuta lami baridi yenye mshiko. La pili linakuta jua limepanda na raba imemwagika kwenye njia ya juu. Basi msichanganye muda wao. Pangeni kila kundi peke yake, kisha muwachanganye kwa zamu: wa kwanza wa kundi A, wa kwanza wa kundi B, wa pili wa A, wa pili wa B, mpaka mwisho. Kundi litakaloanza lipatikane kwa sarafu mbele ya mafundi wakuu. Na muwagawe kwenye makundi kwa kura, si kwa pointi, vinginevyo mtajaza vigogo upande mmoja na gari la 10 la kundi lao litaonewa.

Siku ambayo hata mazoezi hayakufanyika, hapo hakuna muda wa kutumia, na tunakubali kura ya makundi kama ile ya Mei 2020. Kura ni bahati, lakini ni bahati ya siku hiyo na kila mtu ameiona ikichezwa.

Kabla hamjafuta, jaribuni pia kufupisha. Gari moja moja linakula karibu dakika nzima, hivyo magari 34 yanataka zaidi ya nusu saa ya lami kavu. Yakigawanywa makundi manne, kila kundi dakika nne, mnatumia dakika 16 na muda kidogo wa kupishana. Watazibana njia, ndiyo, na kuna atakayeharibiwa mzunguko na gari la polepole. Jumamosi ile lami ilikuwa imekauka saa moja na robo baada ya tangazo lenu, na taa za uwanja zilikuwa zikiwaka.

Sasa gari lililorudishwa. Miaka ya 2005 hadi 2012 NASCAR walikuwa na kanuni ya magari 35 ya juu kwenye pointi za wamiliki kuhakikishiwa nafasi. Julai 2007 pale Daytona, dereva Boris Said alikuwa kinara wa orodha ya muda mvua ilipoingia. Kufuzu kukafutwa, Jeff Gordon akaanza mbele kwa pointi, na Said, ambaye hakuwa ndani ya wale 35, hakushiriki kabisa. Tangu 2016 mfumo wao wa hati, ambapo timu yenye hati ina nafasi ya uhakika kila mbio, umehakikishia magari 36 kati ya 40, lakini mfumo huo angalau unamwambia mgeni kabla hajatoka nyumbani kwamba anagombea viti vinne. Kwenu mfumo kama huo haujaandikwa mahali popote. Kitabu chenu cha kanuni kinasema nafasi 28 ziko wazi kwa magari yote yaliyopita ukaguzi, na kwa maneno hayo ndipo mgeni alipolipa ada, akanunua matairi yenu ya lazima, akapita ukaguzi na kuendesha mizunguko yake miwili.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya. Ada ya magari sita yaliyorudishwa Jumamosi ile irejeshwe yote, pamoja na bei ya seti za matairi ambazo hazikutumika, maana tairi lililokwisha kufungwa kwenye rimu hamlipokei tena dukani kwenu. Kifungu cha fomula kiondolewe na nafasi yake ichukuliwe na muda wa mazoezi kwa utaratibu tuliouandika hapo juu. Nafasi nne kati ya 28 zitengwe kwa magari yasiyo ya msimu mzima, zipatikane kwa muda wa mazoezi, na mazoezi yasipokuwepo kwa kura. Yote yachapishwe kwenye fomu ya usajili, ukurasa ule ule wenye kiasi cha ada, si kwenye tangazo linalobandikwa mlangoni mwa trela la maofisa mvua ikiwa imeshaanza.

Usajili wa mbio ijayo unafungwa Ijumaa ya wiki kesho. Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya hapo, ili timu zinazotoka mbali zijue kama zipakie gari au zikae.

Wenu katika mchezo,

Washabiki na mafundi wazungumzao Kiswahili