Sweta ya shule: kwa nini nisimfumie mtoto wangu mwenyewe?

Mhariri, kamwene. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na ukiona nimerefusha kata unapotaka, ila ile sehemu ya shule niachie maana ndo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi wa masweta hapa Njombe mjini, nafuma kwa mkono na kwa mashine, kazi niliyoirithi kwa mama. Wa huku hawahitaji kuelezwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ila wewe unayesoma gazeti uko Dar na feni inazunguka nikwambie tu kwamba sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi unatoka nje unakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi, shamba zima limeungua. Mtoto wa shule anatoka nyumbani jua bado, anatembea weee mpaka anafika anakaa kwenye darasa ambalo dirisha lingine halina kioo. Kwa huyo sweta siyo mapambo ya sare.

Sasa mwaka huu mtoto wa mdogo wangu kachaguliwa fomu wani. Ikaja ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga, ndoo, fagio, jembe, rimu, tukaenda nayo vizuri mpaka tulipofika kwenye sweta. Imeandikwa sweta inapatikana shuleni tu, 25,000, na wamepigia mstari kabisa kwamba ya kutoka nje haitapokelewa. Mdogo wangu akanipigia simu anacheka, dada mashine unayo, uzi unao, kijani yenyewe unayo imejaa kwenye kiroba, halafu twende tukanunue? Tukanunua. Ungefanyaje, mtoto arudishwe nyumbani mwezi wa kwanza kwa ajili ya sweta?

Jina la shule silitaji, na siyo peke yake, wateja wangu wananiletea hadithi hiyo hiyo kutoka kata zingine. Tunashukuru ada ilifutwa tangu 2016 na hakuna anayetamani kurudi nyuma, lakini sare ni juu ya mzazi, na kama ni juu yangu basi niachiwe nichague pa kuitoa.

Ilipofika Pasaka mshono wa kwapa ukaachia. Nikaigeuza ndani nje, nikaona kila kitu. Sweta iliyofumwa sawasawa, kila kipande kinafumwa chenyewe kwa umbo lake, mgongo, kifua, mikono, unaongeza vishono unapunguza vishono, kwa hiyo ukiangalia pembeni uzi umefika ukingoni ukageuka ukarudi, haujakatwa popote. Hii ya shule ni kitambaa kirefu kilichofumwa na mashine kubwa, kikakatwa na mkasi, kikapigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushwa ukingoni ili kitambaa kisifumuke. Siyo dhambi, masweta mengi ya dukani yako hivyo na mengine mazuri tu. Ila ovaloki yenyewe ikiwa ya kulipua, ikiachia umekwisha, kila mstari ni kiuzi kifupi kinachojitegemea, kinachomoka hiki kinafuata kile. Na huwezi kurefusha mikono. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne, mikono ya sweta mwezi wa kwanza inafika kiganjani, mwezi wa kumi iko karibu na kiwiko, mzazi anatoa 25,000 nyingine.

Hii tabia ya kugeuza sweta ndani nje kabla ya kuisema chochote ni ya mama. Sisi tumekulia Makambako, baba alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, na mama kufuma alifundishwa na masista kabla hajaolewa. Miaka ya themanini mwanzoni wenye umri wangu mnakumbuka, sabuni foleni, sukari foleni, nguo ndo usiseme, sasa uzi wa kufumia ungeupata wapi? Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli, kazikata kazinoa kwenye jiwe mpaka ncha ikawa laini haikwaruzi uzi, na uzi aliutoa kwenye masweta yaliyokufa. Ya baba, ya jirani, ya mtu yeyote aliyekuwa anataka kutupa. Halafu alipoingia Mzee Mwinyi 1985 milango ikafunguka, mitumba ikamwagika sokoni, watu wakasema mafundi wa sweta kwisha habari yao. Kwa mama likawa duka la uzi! Anafika kwenye rundo, hana habari na fasheni wala saizi, anageuza anaangalia mshono wa pembeni. Akikuta ovaloki anaitupa hata iwe nzuri vipi. Akikuta kingo nzima anainunua hata kama ina tundu la kupita ngumi. Muuzaji mmoja alikuwa anamuuliza, mama, unanunua au unafanya upasuaji?

Nyumbani ndo kazi inaanza. Unatafuta uzi wa kuunganishia vipande, huo ndo unaukata, tena kwa wembe, taratibu, ukikosea ukakata uzi wa sweta yenyewe umeharibu. Vipande vikishaachana unatafuta mwisho wa ufumaji, kwa kawaida juu mabegani, unavuta, na inafumuka mstari kwa mstari hadi raha. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kukaa mikono mbele, uzi unazungushiwa kwenye mikono yetu, ukishusha mkono unapigwa kofi la begani. Uzi ukitoka hapo umejikunjakunja wote, ukifumia hivyo sweta inatoka na matuta. Kwa hiyo anaufunga sehemu kadhaa usijisokote, anaufua, anautundika kambani na jiwe limening'inizwa chini, kesho yake umenyooka. Ndo unaviringwa donge.

Kaka yangu alikuwa na sweta moja ya kijivu kaivaa nadhani darasa la tatu mpaka la sita. Kila Januari mama anafumua ile sehemu ya kubana ya kiganjani, anaokota vishono, anaongeza urefu, anaifunga tena. Kijivu kilikuwa kimeisha, kwa hiyo mwaka mmoja kaongeza bluu, mwingine maruni, mwingine rangi ya kahawa, na wenzake shuleni wakamwita Koplo kwa ile mistari ya mikononi. Alikasirika sana wakati ule. Leo ni mtu mzima ana wajukuu na ukimwita Koplo anaitika.

Haya, mwaka huu mwezi wa saba nikapata mgeni, na yeye ndo amenisukuma niandike. Ni shoga yangu wa Tanga, tulikuwa wapangaji nyumba moja Manzese zamani, milango inatazamana, jiko uani, ukikosa chumvi unanyoosha mkono tu. Miaka yote tunaahidiana kwenye simu, nije, njoo, nakuja, mara akapanda basi kweli. Kalala Dar kwa ndugu zake, kesho yake kaanza safari na njia nzima ananipigia, Mikumi kaona tembo na twiga, Ruaha Mbuyuni joto kanunua vitunguu, mlima Kitonga kafumba macho, alipofika Mafinga sauti ikabadilika. Kashuka Njombe jioni, baibui, ndala, kamba ya machungwa ya Muheza na kifurushi cha ng'onda, samaki wakavu wa pwani. Neno lake la kwanza siyo salamu. "Shoga, mnaishi huku kwa hiari yenu?"

Usiku akataka nimuingizie jiko la mkaa chumbani. Hapo nilikataa kabisa na naomba uchape hata kama utakata mengine, mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za namna hiyo. Moto tuliotea jikoni mlango wazi, wakati wa kulala nikampa mablanketi na sweta nzito ya marehemu mama, akalala nayo.

Siku ya tatu asubuhi akaniuliza, haya mwenyeji, jembe liko wapi? Lakini kumbe kaja na lake. Katoa kwenye mkoba kofia ya kiua, ya harusi ya mwanawe, kaanza kuishona tangu zamani. Kama hujawahi kuiona inavyoshonwa usiseme kofia ni ghali. Kitambaa cheupe, sindano nyembamba, anatoboa kitundu kidogo kama cha kupitisha njiti, anakizungushia uzi pembeni mpaka kinakaa duara, anakwenda kingine, vitundu vinafuatana vinatengeneza ua, na hapo bado hajaunga kile kipande cha juu na cha pembeni. Mwezi na zaidi mtu yuko kwenye kofia moja, kati ya kupika na kufua. Basi tukakaa pale jikoni yeye kofia mimi sindano, chungu cha kande kimekaa motoni, tunamsengenya mwenye nyumba wetu wa Manzese aliyekuwa anazima umeme saa tatu ili tusipige pasi.

Jumamosi yake mtoto akaja, mama mkubwa shikamoo, na mkononi kashika sweta. Kwapa la pili. Shoga yangu akaichukua akaitazama, akamuuliza mtoto imenunuliwa wapi, mtoto akajibu. Akanigeukia mimi, mama mtu una mashine ndani? Nikamweleza lile sharti la karatasi. Alinyamaza, siyo kawaida yake, halafu akasema, "Kwetu bwana harusi anaambiwa avae kofia, basi. Hakuna shehe anayemwambia kofia kanunue kwangu. Mwenye uwezo anakuja kwa sisi wa kiua, asiye nao ananunua ya mashine dukani, na ndoa inafungwa vilevile."

Mhariri, mi sina la kuongeza hapo, ila kuna watu wataniambia shule zina sababu zake na nazijua. Wakiacha kila mzazi alete yake, kijani mmoja ni ya mchicha mwingine ya chupa, mwingine analeta ya mtumba yenye maandishi kifuani. Sawa. Mbona dawa yake ndogo? Tundikeni sweta moja ya mfano pale ofisini, semeni rangi ni hii hapa, shingo ni ya V, mikono mirefu, nembo mnauza nyie maana nembo ni yenu. Mzazi apige picha kwa simu aende kwa fundi wake au dukani au hapo hapo shuleni akitaka, na mkuu wa shule abaki na haki ya kurudisha iliyokosea rangi. Mimi sweta ya mtoto wa fomu wani nafuma kwa 15,000 na uzi wangu, na mikono nakurefushia ukinirudishia mwakani. Kuna wenzangu wanafuma kwa chini ya hapo.

Na kinachonichanganya zaidi ni hiki. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Kikundi chetu tulipata, tukaongeza mashine za kufumia, na marejesho tunapeleka kila mwezi hatujawahi kuchelewa. Tumewezeshwa tufume, vizuri kabisa, tunashukuru. Tumfumie nani? Huku Njombe soko kubwa la sweta ni sare za shule, mtu mzima anavaa jaketi la mtumba. Mkono mmoja unatukopesha mashine, mwingine unamwambia mteja wetu asije, na tarehe ya marejesho haijui hayo.

Shoga yangu karudi Tanga na viazi, parachichi na lile sweta la mama ambalo nilishindwa kumvua. Juzi kapiga simu, ana ndugu Lushoto na kule milimani baridi wanaijua, shule ya huko wanavaa bluu, kamuuliza mwalimu kama masweta lazima yatoke shuleni, kaambiwa wao wanaangalia rangi tu. Kaniagizia ya kuanzia. Kwa hiyo sweta zangu zinasafiri siku mbili kwenye basi kwenda kuvaliwa Usambara, lakini kwenye shule ambayo kengele yake naisikia nikiwa uani kwangu hazipiti getini.

Swali langu kwa maafisa elimu wanaosoma gazeti hili, naomba jibu hapa hapa kwenye ukurasa huu: upo waraka unaosema sweta ya mwanafunzi lazima inunuliwe shuleni? Kama upo tuwekeeni namba yake na tarehe tuusome. Kama haupo semeni mapema, kabla ya Januari, kwa sababu uzi wa kijani ninao na wazazi wameshaanza kuniuliza.

Msomaji wenu, fundi sweta,
Njombe mjini